Maji yamekatika au yamekatwa? Sarufi ya mijadala ya redio

Msikilizaji anapiga simu katika kipindi cha asubuhi na kusema: "Wametukatia maji, leo ni siku ya tatu." Mtangazaji anamshukuru, kisha anamgeukia mgeni wake studioni: "Mheshimiwa, msikilizaji wetu analalamikia kukatika kwa maji." Mgeni anakiri kuwa ni kweli maji yamekatika, changamoto zipo, lakini mikakati kabambe imewekwa. Muziki unapigwa, tunaenda matangazo ya biashara.

Mfano huu nimeutunga, ila sidhani kama kuna msomaji atakayedai kuwa ni mgeni masikioni mwake. Mijadala ya redio kuhusu masuala ya serikali na jamii imekuwa baraza letu kubwa zaidi la Kiswahili. Humo mama mboga, bodaboda na gavana huzungumza kwa lugha moja, tena papo hapo. Ndiyo maana lugha ya baraza hilo inafaa kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya na tamthilia.

Hebu tulitazame neno la yule msikilizaji. Katika "wametukatia" kuna wa- ya watenda, -me- ya kitendo kilichokamilika, -tu- ya watendewa, mzizi -kat- na -i- ya kauli ya kutendea. Kwa neno moja tu ameshasema kuna waliofanya na kuna waliofanyiwa. Mtangazaji, pengine kwa adabu, akaligeuza kuwa "kukatika". Wa- imeenda na -tu- imeenda. Mgeni naye akadaka mpira alioandaliwa: "yamekatika". Hakuna aliyesema uongo, na bado mtenda na mtendewa wote wamefutwa hewani.

Walimu wa sarufi hutofautisha kauli ya kutendwa na ya kutendeka. Ukisema "maji yamekatwa", umeacha mlango wazi na mtu yeyote anaweza kuuliza, na nani? Ukisema "yamekatika", mlango umefungwa, maana kutendeka hueleza hali iliyofikiwa bila kujali aliyeifikisha. Vipo vitenzi vingine ambavyo havina kiambishi hicho lakini hufanya kazi iyo hiyo: mradi umekwama, dawa zimeisha, fedha zimepotea. Jaribu kuongeza mtenda hapo uone. "Fedha zimepotea na mkurugenzi" haina maana kwamba mkurugenzi alizipoteza. Maana yake ni kwamba fedha hazionekani na mkurugenzi pia haonekani! (Wakati mwingine, kusema kweli, sentensi hiyo inakuwa sahihi.)

Na simu ya msikilizaji mkali inaponyamaza ghafla, tunaambiwa nini? "Samahani, laini imekatika."

Sidai kwamba kutendeka ni kauli mbaya. Mvua ikinyesha na daraja likavunjika, limevunjika. Tena mtangazaji ana sheria za kashfa za kuogopa. Hawezi kumwita mtu mwizi kabla mahakama haijasema. Lakini kati ya "fulani ameiba" na "fedha zimepotea" kuna uwanja mpana ambao Kiswahili kimeujaza maneno. Nani alikabidhiwa fedha hizo? Nani alitia saini? Aliulizwa lini, na alijibu nini? Maswali hayo hayamkashifu mtu.

Inafaa kukumbuka tulikotoka. Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, alianza kipindi chake "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966, enzi za Sauti ya Kenya. Kwa miaka mingi taifa zima lilitega sikio kusikia mienendo ya watu majumbani, njiani na hadharani ikipimwa. Kilikuwa kipindi cha kupendeza, nami ni mmoja wa waliolelewa nacho. Lakini angalia sarufi yake. Mtenda hakukosekana: kulikuwa na mtu aliyefanya jambo, na swali likaulizwa kuhusu mtu huyo. Mwananchi alipokosa ungwana, alikuwa na nafsi na kitenzi chake. Leo mjadala umehama kutoka adabu za jirani hadi bajeti za umma, na nafsi ndipo ilipotoweka. Mwananchi bado "anatupa taka ovyo", bali taka za mji "zimerundikana".

Ni hapa ambapo ninawalaumu watangazaji kuliko wageni wao. Mwanasiasa atajikinga kwa lugha. Hiyo ndiyo kazi yake. Mtangazaji ndiye mkalimani kati ya pande mbili, na mkalimani anayepunguza viambishi amepotosha ujumbe. Kwa upande wa redio ya taifa suala hili si la mtindo tu. Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inavitaka vyombo vya habari vya serikali visipendelee upande wowote na vitoe nafasi ya haki kwa maoni tofauti na ya upinzani. "Wametukatia" ni maoni. "Kukatika kwa maji" ni muhtasari wa ofisi.

Msikilizaji naye asiachwe hivi hivi. Hao "wa-" wake ni akina nani? Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, swali hilo lina majibu. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kaunti huduma za maji, zahanati na barabara za kaunti, huku barabara kuu na hospitali za rufaa za kitaifa zikibaki kwa serikali kuu. Mtangazaji aliyejiandaa angemuuliza mpigaji, "Barabara ipi hiyo, ndugu yangu?" na kwa jibu moja tungejua kama gavana aliyeketi pale studioni anahusika au anasingiziwa.

Ajabu ni kwamba wakubwa hao wanajua vizuri kumtaja mtenda wanapotaka. Mwaka 2023 makato ya nyumba yalipendekezwa, kwanza asilimia 3, kisha yakashushwa hadi 1.5 ya mshahara, na mwajiri kuongeza kiasi hicho hicho. Redioni waliyoyatetea waliyaita mchango, wengine hata wakasema ni akiba. Sasa, anayechanga ni mtenda. Huchanga kwa hiari yake kwenye harusi, matanga na harambee. Wapigaji simu hawakukubali neno hilo. Walisema "tunakatwa", kauli ya kutendwa, nao walikuwa sahihi kisarufi, maana hakuna karani wa mishahara aliyewahi kumuuliza mtu kama angependa kuchanga.