Fani na Maudhui ya Sanamu ya Chukudu, Goma

Uhakiki wetu umezoea kuanzia kwenye kitabu. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuchambua kazi ya sanaa isiyo na ukurasa hata mmoja: sanamu ya rangi ya dhahabu iliyosimamishwa kwenye mzunguko mmojawapo wa barabara jijini Goma, Kivu ya Kaskazini, wakati wa utawala wa Joseph Kabila (2001–2019). Sanamu hiyo yamwonyesha mtu na chukudu yake. Swali letu ni hili: je, inamtukuza mvujajasho, au inamtukuza aliyeisimamisha?

Tuanze na chombo chenyewe. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani. Magurudumu yake huvishwa mpira uliokatwa kutoka matairi makuukuu. Mwendeshaji huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Akifika kwenye mlima, hushuka akasukuma kwa mikono. Ndivyo viazi, kabeji na makaa hushushwa kutoka Kibumba hadi masoko ya mjini, wakati mwingine mamia ya kilo kwa safari moja. Chombo hiki hakihitaji petroli, na vipuri vyake vingi huweza kuchongwa papo hapo. Baada ya lava ya mlima Nyiragongo kupita katikati ya mji Januari 2002 na kuacha mawe makali mahali pa barabara, chukudu iliendelea kupita. Kwa hiyo ni kosa kuiita dalili ya ushamba. Hii ni tekinolojia kamili, iliyobuniwa na watu kwa kuyajua mazingira yao.

Hata lugha yathibitisha jambo hilo. Wengi husema kwamba jina chukudu limeigwa kutokana na mlio wa chombo barabarani. Naye mwendeshaji huitwa *chukudeur*: jina la wenyeji limevikwa kiambishi tamati cha Kifaransa, kile kile kinachomfanya mtu kuwa *chauffeur*. Kwa silabi moja mvujajasho amejipa cheo cha ufundi ambacho ofisi haikumpa.

Tukirudi kwenye fani ya sanamu, hatuna budi kukiri uzuri wa uteuzi wa mhusika. Miji mingi ya Afrika imejaza viwanja vyake sanamu za marais na majemadari. Wabebaji mizigo ni nadra kuonekana. Sanamu ya mwaka 1928 jijini Nairobi ina mpagazi miongoni mwa watu wake watatu, lakini anakumbukwa kwa sababu alitumikia vita vya wakubwa. Mtu wa Goma anasimama kwa ajili ya kazi yake mwenyewe.

Hata hivyo, rangi ina maana yake. Dhahabu imefunika mbao, mpira na jasho, yaani vitu vile vile vinavyoifanya chukudu kuwa chukudu. Kiongozi aliyepaswa kujenga barabara anaposifu ustahimilivu wa asiye na barabara, dhiki hugeuzwa kuwa fadhila, na deni la dola hugeuzwa kuwa sifa ya raia. Hapo ndipo maudhui ya sanamu yanapopingana na fani yake.

Mpingano huo ni wazi zaidi tukitazama milima ya Masisi. Migodi ya Rubaya, inayokadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, huchimbwa kwa sururu na koleo. Madini hayo husafirishwa ng'ambo, yakaingia ndani ya simu na tarakilishi. Hivyo eneo moja lazaa malighafi ya tekinolojia ya hali ya juu, huku kabeji zake zikifika sokoni kwa gurudumu la mti. Tusiseme kwamba Goma imeachwa nyuma na tekinolojia. Imo ndani yake, ila imewekwa upande wa kubeba.

Je, uongozi umebadilisha nini? Wapiganaji wa AFDL waliingia Goma mwaka 1996. RCD ikaufanya mji huu makao yake makuu kuanzia 1998. M23 wakautwaa kwa siku chache Novemba 2012, kisha wakauteka tena Januari 2025. Kila mamlaka ilikuja na bendera na watoza ushuru wake. Mpanda chukudu alibaki na mzigo ule ule, akilipa katika kizuizi kipya.

Kwa kuhitimisha, twasema kwamba maana ya sanamu haimilikiwi na aliyeitia rangi. Watu wa Goma wanapoelekezana njia hupaita mahali hapo Chukudu. Hawataji jina la rais aliyekuwapo. Kwa kitendo hicho kidogo cha lugha wameitwaa kazi hii kutoka mikononi mwa utawala. Mhakiki naye awaunge mkono kwa kuisoma ipasavyo, yaani kama hati ya deni. Siku barabara ya Kibumba itakapokuwa njema, na mchimbaji wa Rubaya atakapopata haki yake, ndipo dhahabu ile itakapokuwa pambo. Kwa sasa ni dai.