Mhimili wa pili: pale mistari inapokutana bila sababu

"Mwanangu, hapa mistari inapokutana, ndiyo mwezi wa kupeleka nyanya sokoni?"

Aliyeuliza ni mama mmoja mkulima wa Soni. Nilikuwa nimerudi kuwaonyesha wakulima matokeo ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili, na ukutani nilibandika chati niliyoipenda kuliko zote. Mstari wa bluu ulikuwa mvua ya kila mwezi kwa milimita, ukisomwa kwa kipimo cha kushoto. Mstari mwekundu ulikuwa bei ya tenga la nyanya kwa shilingi, ukisomwa kwa kipimo cha kulia. Mistari ilipanda, ikashuka, ikakatana. Kwa kweli ilipendeza.

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sina jibu. Pale mistari ilipokutana hapakuwa na maana yoyote. Leo nataka kuihakiki chati ile, kwa sababu najua wengi wetu tunaoandika tasnifu tunayo moja kama hiyo.

Tuanze na kwa nini tunaitengeneza. Ukiweka mvua na bei kwenye mhimili mmoja, bei ina maelfu na mvua ina makumi, basi mvua inalala chini kabisa kama uzi. Unabofya ule mstari, unafungua mpangilio wake, unachagua mhimili wa pili, na kufumba na kufumbua mvua imeamka. Tatizo limekwisha. Kumbe ndiyo kwanza limeanza.

Chukua mfano wa kubuni. Kushoto mvua inaanzia 0 hadi milimita 250, kulia bei inaanzia 0 hadi shilingi 50,000. Mwezi wenye mvua milimita 100 na bei shilingi 20,000, nukta zote mbili zinakaa asilimia 40 ya urefu wa chati. Zimekutana. Sasa badilisha kitu kimoja tu: kipimo cha kulia kifike 100,000. Bei ileile inashuka hadi asilimia 20, mvua inabaki palepale. Hazikutani tena. Hakuna tone la mvua lililoongezeka wala shilingi iliyopungua.

Au anzisha kipimo cha bei kwenye 15,000 badala ya sifuri, kiishie 25,000. Bei iliyokuwa ikicheza kidogo tu sasa inapanda na kushuka kama barabara ya kutoka Mombo. Na mara nyingi hata si wewe unayeamua. Programu yenyewe inachagua mwanzo na mwisho wa kila mhimili kwa kuangalia data uliyoipa. Ongeza mwezi mmoja wenye bei kubwa sana, na makutano yote yanahama.

Kwa hiyo yule mama hakukosea kusoma chati. Aliisoma vizuri kabisa. Macho ya binadamu yakiona mistari miwili inakatana yanasema: hapa kimoja kimemzidi mwenzake. Lakini milimita haiwezi kuizidi shilingi. Ni sawa na kuuliza kama kilo tano ni nyingi kuliko saa tatu.

Wapo wanaolijua jambo hili na kulitumia. Septemba 2015, kwenye Bunge la Marekani, mbunge Jason Chaffetz alionyesha chati kuhusu shirika la Planned Parenthood. Mstari wa huduma za uchunguzi wa saratani na kinga ulishuka kutoka 2,007,371 mwaka 2006 hadi 935,573 mwaka 2013. Mstari wa utoaji mimba ulipanda kutoka 289,750 hadi 327,000. Kwenye picha mistari ilikatana kama herufi X, na huo wa pili ukaishia juu. Tazama namba tena: 327,000 juu ya 935,573? Kila mstari ulichorwa kwa kipimo chake, na vipimo vyenyewe havikuonyeshwa. Uwe na msimamo wowote kuhusu utoaji mimba, picha ile ilisema jambo ambalo namba zake hazikusema.

Sasa, je, mhimili wa pili ufutwe kabisa? Hapana. Wanaikolojia wana chati maarufu ya tabianchi, ya Walter na Lieth, yenye joto upande mmoja na mvua upande mwingine. Tofauti ni kwamba vipimo vyake havichaguliwi kwa kupendeza. Nyuzi 10 za Selsiasi lazima zilingane na milimita 20 za mvua. Sababu yake ni kanuni inayosema mwezi ni mkavu ikiwa mvua yake kwa milimita haifiki mara mbili ya joto lake. Mwezi wa nyuzi 20 unahitaji angalau milimita 40. Hapo mistari ikikatana, makutano yanakuambia ukame umeanza au umekwisha. Mama angeuliza swali lilelile, na angepata jibu.

Basi kipimo changu siku hizi ni hiki: kama siwezi kueleza kwa nini milimita moja ikae sawa na shilingi kadhaa, mhimili wa pili sina haki nao.

Chati yangu nimeichora upya. Mvua juu, bei chini, chati mbili zenye miezi ileile, zimepangwa wima ili jicho lishuke moja kwa moja. Nikaongeza ya tatu: kila mwezi ni nukta moja, mvua kwenye mhimili wa chini, bei kwenye mhimili wima. Hapo nikaaibika kidogo, maana nukta zilisambaa hovyo. Ule uhusiano niliouona kwenye chati ya kwanza ulikuwa dhaifu mno.

Na ukifikiri, si ajabu. Mvua ya masika inaleta baka jani, lakini hasara yake inafika sokoni baadaye, si mwezi uleule. Halafu bei ya Dar es Salaam haingoji Lushoto peke yake, nyanya za Iringa nazo zinaingia. Chati ya mistari miwili ilinificha maswali hayo yote kwa sababu ilikuwa imeshanipa jibu.

Siku ile nilimwambia ukweli: "Hapana mama, hapo hapamaanishi kitu. Nimechora vibaya." Akacheka, akasema vizuri ameuliza, maana alishaanza kuhesabu miezi.