Matundu ya Mbabula

Mto Lualaba, huku Katanga nchini Kongo, umewekewa mabwawa mawili ya umeme karibu na Kolwezi, Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956, lakini sehemu kubwa ya umeme wake huishia migodini. Majumbani, bukari ya jioni, yaani ugali, huiva kwa makala (makaa), juu ya mbabula, jiko la bati lililotoka mikononi mwa fundi mwenye nyundo, patasi na kipande cha reli.

Bati ni la pipa kuukuu. Fundi hulipasua, hulinyoosha, hulikata kwa patasi. Hakuna kulehemu. Kingo mbili hukunjwa zikashikana kama vidole vya mikono miwili, kisha hugongwa juu ya reli mpaka mshono ulale. Ukiupitishia kidole, unagusa tuta dogo tu. Ukucha hauna pa kuingia.

Lakini mbabula ni matundu. Katikati hukaa sahani ya kubeba makala, na chini yake kidirisha cha kuingiza hewa na kutolea majivu. Matundu ya sahani yakiwa machache, moto unadumaa. Yakizidi, makala yanateketea kabla sombe, majani ya muhogo, haijalainika, na sombe haina haraka na mtu. Fundi hupiga safu moja, huliinua bati kwenye mwanga, hutazama, ndipo hupiga nyingine. Hapo ndipo ninapomvulia kofia: anaupima upepo kwa macho.

Hewa na makala vina historia ndefu Katanga. Kabla kampuni ya migodi ya Union Minière haijaundwa mwaka 1906, wayeyushaji wa hapa walikwisha kujenga tanuru kwa udongo wa vichuguu, wakazipuliza kwa mivukuto na kumimina shaba katika umbo la misalaba.

Mtihani wa mwisho ni bukari yenyewe. Anayeisonga hukandamiza mwiko kwa mikono yote miwili, na uzito huo wote hushukia meno matatu yanayobeba sufuria. Jino moja likiwa fupi, chakula kiko mchangani.

Kwa hiyo ukienda sokoni, ikandamize mbabula uone kama inayumba, chungulia matundu, papasa mshono. Nyumbani iwashie nje, maana hewa ya sumu ya makala haina harufu ya kukuonya. Na usimbane fundi kwa bei ukisema ni bati la pipa tu. Mlipe kazi yake.