Paneli Zisizolingana na Mkono wa Fundi Anayejua

Kazi ya kuunga paneli za sola zisizolingana huamuliwa kabla koleo halijatoka mfukoni. Ukitaka kumpima fundi, tazama anaanza na nini. Akizigeuza paneli asome lebo za nyuma, msikilize. Akianza kuchuna waya, mzuie. Paneli mbili zinaweza kufanana urefu, rangi hata fremu, na bado zisifae kukaa pamoja.

Na zisizolingana ndizo zilizojaa majumbani kwetu. Wengi wetu hununua umeme wa jua kidogo kidogo: wati 50 za taa na simu, baadaye wati 100 za televisheni, kisha paneli ya kukunja iliyoachwa na ndugu aliyehamia mjini. Asubuhi zinatolewa uani, jioni zinaingizwa ndani zisiibwe. Ni mali iliyotolewa jasho, na ndiyo maana huniuma kuiona imeungwa ovyo, nguvu yake ikipotea kila siku bila mwenye nyumba kujua.

Lebo ina namba nyingi. Za kuanzia ni mbili. Vmp ni volti za paneli ikiwa kazini, Imp ni ampea zake wakati huohuo. Ukiunga kwa mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, volti hujumlishwa na ampea hubaki za paneli iliyo dhaifu. Ukiunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ampea hujumlishwa na volti hulazimika kuwa moja. Kwa hiyo mfululizo unataka ampea zinazokaribiana, na sambamba inataka volti zinazokaribiana. Wati, ambazo muuzaji huzitaja kwanza, hazikuambii uunge vipi.

Chukua paneli ya wati 100 yenye volti 18 na ampea 5.56, na ya wati 50 yenye volti 18 na ampea 2.78. Sambamba zitatoa volti 18 na ampea 8.34, yaani wati 150 zote. Kwa mfululizo zitatoa volti 36 na ampea 2.78, yaani wati 100, kana kwamba ile ndogo haikununuliwa. Na hapo tumechukulia kuwa chaji kontrola, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, ni ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Zile za bei nafuu, za PWM, huzishusha volti za paneli hadi za betri, na ampea haziongezeki. Betri ikiwa inachajiwa kwa volti 13, mfululizo ule utaiingizia kama wati 36 tu, na sambamba kama wati 108. Paneli zilezile, jua lilelile.

Fundi bora hujua pia pa kukataa. Paneli ya wati 250 yenye seli 60 hufanya kazi kwenye volti 30 hivi na ampea 8. Ukiiunga sambamba na ile ya volti 18, kubwa inashushwa hadi volti za ndogo na kupoteza zaidi ya theluthi ya nguvu yake. Ukiziunga kwa mfululizo, inabanwa na ampea za ndogo. Hapo jibu ni kuipa kila paneli chaji kontrola yake, zote mbili ziingie kwenye betri moja. Gharama inapanda kidogo, lakini kila wati uliyoilipia inafika. Fundi atakayekushauri hivyo, badala ya kuunga tu na kuondoka, mtunzie namba yake ya simu.

Lebo zenyewe si zote za kuaminiwa. Jua kali la mchana hutoa takriban wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri ya kisasa hubadilisha kama asilimia 20 kuwa umeme. Kwa hiyo paneli ya nusu mita ya mraba itatoa wati 100 hivi. Ikiwa imeandikwa 200, lebo inadanganya. Pima urefu na upana kwa futi kamba, zidisha, na tayari umelijua hilo ukiwa bado dukani.

Sasa kipimo ninachokithamini kuliko vyote, na mafundi wengi hukiruka kwa haraka. Saa sita mchana, anga likiwa jeupe, unapima ampea zinazoingia kwenye betri kutoka kila paneli ikiwa peke yake, unaandika, kisha unaziunga na kupima tena dakika chache baadaye. Sambamba, kama moja ilileta ampea 5.2 na nyingine 2.6, pamoja zinapaswa kukaribia 7.8. Zikija 6.5, mahali fulani pana kiungo kibovu au volti zisizopatana, na kazi haijaisha. Betri isiwe imejaa wakati wa kupima, kwa sababu ikikaribia kujaa chaji kontrola hupunguza ampea yenyewe, na utamlaumu fundi bure. Wingu likipita, rudia tangu mwanzo. Anayefanya hivi bila kuombwa ni fundi aliyefundwa akafundika.

Kwenye waya, kumbuka kwamba paneli hizi hubebwa kila siku. Waya wa ukutani wenye uzi mmoja mgumu wa shaba hukatika ndani ukikunjwa kila asubuhi na jioni, ganda la nje likibaki zima. Unaotakiwa ni wa nyuzi nyingi nyembamba, wenye ganda linalovumilia jua. Unene nao si wa kubahatisha: ampea 8 zikisafiri mita 10 kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, kwenda na kurudi, hupoteza zaidi ya volti moja; kwenye waya wa milimita za mraba 6 hupoteza kama nusu volti. Hapa mfululizo una sifa yake, maana ampea zikiwa chache upotevu nao hupungua, ilimradi paneli zinalingana ampea na chaji kontrola ni ya MPPT.

Viungo vya kusokota kwa vidole na kufunga tepu sivikubali kabisa. Tafuta plagi za MC4 zilizobanwa kwa koleo lake maalumu, dume na jike za mtengenezaji mmoja, kwani za watengenezaji tofauti huingiana kwa macho tu, kisha hupata moto. Mchana, umeme ukiwa unapita, gusa kila plagi kwa nje. Iliyo na joto kuliko mwenzake ina kasoro. Usizichomoe mzigo ukiwepo, kwa sababu cheche za umeme wa jua hazizimiki haraka. Funika kwanza paneli kwa blanketi zito. Na paneli zikifika tatu sambamba, kila moja iwe na fyuzi yake, maana moja ikipata hitilafu zile nyingine huisukumia umeme hadi iungue.

Mwisho tazama zinapowekwa. Za mfululizo zielekee upande mmoja na kwa mwinamo mmoja, na kivuli cha mwembe kisiguse hata moja, kwa sababu kikiigusa moja wenzake wanakosa pia. Za sambamba huvumilia zaidi: unaweza kuelekeza moja mashariki na nyingine magharibi, betri ikapokea mapema na kuendelea kupokea hadi alasiri. Kwa mwenye kazi ya kuchaji simu za wateja, mpangilio huo ninaupendelea kuliko wa kuzigeuza paneli zote kila saa.