Picha ya Jino Isiyongoja Kesho

Mgonjwa anayepanda mlima kutoka Mtowisa, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, hadi Sumbawanga mjini huku ameshika shavu hastahili kuambiwa arudi kesho. Ndiyo maana nawapongeza madaktari wa kinywa na meno wanaotumia eksirei ya kidijitali. Tangu Wilhelm Röntgen agundue mionzi hiyo mwaka 1895, picha ilisafishwa gizani kwa dawa, ikaoshwa, ikaanikwa. Ikitoka na ukungu, kazi ilianza upya. Sasa kifaa kidogo huwekwa mdomoni, na baada ya sekunde chache jino linaonekana kwenye kompyuta, pamoja na kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, pale usaha ulipojificha. Daktari huikuza picha, humwonyesha mwenye jino, nao wakaamua pamoja. Hapo ndipo naiona faida kubwa: jino ambalo lingeng'olewa kwa kubahatisha huweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi. Mionzi nayo hupungua.

Wapo wasemao mashine ni ghali, umeme hukatika, na kijiji kinahitaji mswaki kwanza. Mswaki na dawa yenye floraidi ni kinga kweli, lakini jino lililokwisha toboka haliponi kwa mswaki. Filamu nazo hununuliwa kila siku, na haziwezi kumfikia bingwa aliye Mbeya kwa dakika moja. Wewe wa Laela au Matai, jino likiuma usingoje shavu livimbe: nenda hospitali, uombe kuonyeshwa picha.