Mkono wa Antony

Twazoea kusema ya kwamba ulimi ndio uwavutao watu. Lakini msemaji hasemi kwa ulimi peke yake. Macho yake husema, mikono yake husema, hata kunyamaza kwake husema. Asomaye Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare alioufasiri Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1963, akausahihisha tena mwaka 1969, ataliona jambo hili wazi katika sehemu ya tatu.

Kaizari amekwisha kuuawa. Brutus apanda mimbarani kwanza, awaeleza Warumi sababu zake kwa maneno yaliyopangwa vema, nao wamshangilia. Kisha aenda zake. Kosa lake ndilo hili: amewaachia watu sababu, asiwaachie kitu cha kutazama.

Antony aja na maiti. Asema kidogo, kisha anyamaza, maana machozi yamzuia. Mara watu waambiana jinsi macho yake yalivyo mekundu. Awaonyesha wasia, wala hausomi. Ashuka mimbarini, awaomba waizunguke maiti. Sasa yu katikati yao kama mfiwa mwenzao. Alishika joho la Kaizari, aonyesha matundu ya visu: hapa Cassius, hapa Casca, hapa Brutus. Mwisho aufunua mwili wenyewe, na makutano wawaka kama nyasi za kiangazi.

Niliposoma habari hii na wanafunzi wangu hapa Kaole, kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, Antony alijuaje tundu hili ni la kisu cha nani? Naye hakuwapo." Kweli, Trebonius alikuwa amemtoa nje kabla ya Kaizari kuchomwa. Darasa likanyamaza. Hata mimi nilikuwa nimekisoma kitabu mara nyingi nisiulize neno hilo. Kidole kilionyesha, nami nikaamini.

Wala sisemi ya kuwa machozi yake ni ya uongo, alimpenda Kaizari. Hilo ndilo la kuogopesha: machozi ya kweli yaweza kubeba ushahidi usio wa kweli. Shakespeare naye hakutuficha matunda yake. Watu wenye hasira wamkuta njiani Cinna mshairi, ambaye jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Ajieleza kwamba siye. Wamwangamiza vivyo hivyo.

Ndugu zangu, Rumi si mbali. Nimepata kuketi barazani katika shauri la shamba. Mtu mmoja akateka udongo kiganjani, akauinua, akalia. Sote tulimhurumia, wala hapana aliyeuliza mpaka uko wapi. Basi, aliaye tumhurumie, ni haki yake. Kisha tumngoje ashushe mkono, tuulize mpaka.