Fundi Anayejua Kungoja

Kifaa kilichokufa kabisa hakimpi fundi shida kubwa. Kinachomtesa ni kile kinachougua nyumbani kwako, kikifika mezani kwake kinapona. Diski yangu ilikuwa na ugonjwa huo. Ndani yake mlikuwa na sauti za wazee waliofanya kazi enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, na baadhi yao hatunao tena. Ilisoma vizuri saa mbili, saa tatu, halafu ghafla ikatoweka kwenye kompyuta kana kwamba haijawahi kuwepo. Baadaye ilirudi yenyewe.

Niliipeleka Kenya, pamoja na kompyuta yake. Nasema Kenya yetu, komini ya hapa Lubumbashi, kwa kijana mwenye meza moja na taa moja. Wawili kabla yake walikuwa wameniambia ninunue mpya. Yeye aliuliza: "Yaya, hizi sauti ziko na kopi?" Hazikuwa nayo. Basi siku ya kwanza hakutengeneza kitu, alinakili tu. Diski ilitoweka mara mbili, na mara zote mbili alisubiri irudi, akaendelea pale ilipoishia hadi faili la mwisho. Hapo nikajua nimefika kwa fundi.

Kila diski ina daftari lake la ndani, inajihesabia yenyewe makosa yake. Mstari wa 5 unahesabu sehemu zilizoharibika na kuhamishwa. Wa 197 ni wa sehemu zinazotiliwa shaka, na wa 199 ni wa data iliyopotoka njiani, kwenye waya. Yote mitatu ilisoma sifuri. Wengi wangefunga daftari hapo. Kijana alishuka hadi mstari wa 12, ule unaohesabu diski imepata umeme mara ngapi. Asubuhi, kompyuta ikiwa imeshawashwa, ulisoma 1316. Akaandika namba hiyo kwenye karatasi, akaiacha mashine ikifanya kazi, akashughulikia simu za wateja wengine. Jioni akasoma tena: 1319. Kompyuta haikuzimwa hata mara moja siku hiyo, na kuran, yaani umeme, haikukatika, jambo ambalo mjini kwetu ni la kushukuru.

"Yaya, hii diski haiyakufa," akasema. "Kuran njo inaikimbia."

Alichukua kipimo cha umeme. Waya mwekundu hubeba volti 5, wa njano volti 12, na hizo 12 zikishuka chini ya 11.4 zimetoka kwenye kipimo kinachokubalika. Alipata 12.1, zimetulia. Hakuridhika. Kwa mrija mtupu wa kalamu akaanza kugusa waya mmoja mmoja, taratibu, kama daktari anayebonyeza tumbo la mtoto, macho yake yakiwa kwenye kipimo. Alipofika kwenye ule wa njano, karibu na plagi ya diski, namba ilianguka. Mvumo wa diski, ambayo huzunguka mara 7200 kwa dakika, ukashuka mpaka kimya, kisha ukaanza kupanda upya. Sote wawili tuliusikia.

Akaipasua plagi kwa kisu. Plastiki ilikuwa imegeuka kahawia upande mmoja, na nyuzi za shaba zilikuwa zimelegea pale zilipobanwa. Zikipata joto zinaachia, zikipoa zinashika tena. Ndiyo maana ilichukua saa kadhaa. Mkoa wetu uliitwa Shaba toka 1971 hadi 1997, na mimi nimeishi humu miaka yote bila kuitazama shaba kwa karibu namna ile.

Kukata plagi na kufunga nyingine hakukuzidi dakika kumi. Nikatoa pesa, akazirudisha mkononi mwangu. Kitu kinachougua kwa vipindi, aliniambia, hakithibitishwi na saa moja ya uzima. Nikarudi siku ya tatu. Diski ilikuwa imesomwa mfululizo, mchana na usiku, na kwenye karatasi alikuwa ameandika kila mara alipozima na kuwasha mwenyewe: mara tano tangu kufunga plagi mpya. Mstari wa 12 nao ulikuwa umeongezeka kwa tano tu. Ndipo akapokea malipo yake.